Uzamifu wa usalama wa taifa ukiwa Kisumu: chagua swali utakaloruhusiwa kuuliza

Mwezi huu watu wanne wamenipigia simu wakitaka kujua kama inawezekana kusomea shahada ya uzamifu katika sera za umma na usalama wa taifa kwa mtandao, bila kuacha kazi. Inawezekana. Niko mwaka wa nne katika chuo cha Marekani na sijawahi kukanyaga ua lake. Nasomea nyumbani Mamboleo, kwenye meza ya kulia chakula, watoto wakishalala. Wote wanne waliniuliza habari za karo na bando. Hakuna aliyeuliza kuhusu swali la utafiti, nalo ndilo lililokaribia kuniangusha.

Nilianza na mada tamu: jinsi jeshi, polisi na idara ya ujasusi wanavyopashana habari katika mpaka wetu na Uganda ndani ya Ziwa Victoria. Kwa miezi minane niliandika barua na kubisha milango. Kila ofisi ilinikaribisha kwa adabu, nami nikatoka mikono mitupu. Siwalaumu. Sheria ya siri za serikali inambana afisa hata akitaka kukusaidia, na ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo niliitegemea sana, inaruhusu habari kuzuiwa zikigusa usalama wa taifa.

Kilichonitoa hapo ni Kifungu cha 238 cha Katiba ya Kenya, kinachoeleza usalama wa taifa ni nini. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi nikiishia kwenye mipaka na mamlaka ya nchi. Siku hiyo nikaendelea. Kinataja pia wananchi, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani na ustawi. Mali yao! Basi nyavu za mvuvi zikiibwa usiku huko upande wa kisiwa cha Migingo, hilo nalo ni suala la usalama wa taifa, na mwenye nyavu yupo, hana kiapo cha siri, na ana mengi ya kusema.

Nikabadilisha mada. Sasa naandika kuhusu vikundi vya usimamizi wa fuo, hizi BMU zetu zilizowekewa kanuni mwaka 2007, na yaliyobadilika kwa wavuvi tangu Walinzi wa Pwani waundwe kwa sheria ya 2018 na kupewa ulinzi wa ziwa pia. Nyaraka ziko wazi: sheria zenyewe, Hansard (kumbukumbu za mijadala ya Bunge), ripoti za Mkaguzi Mkuu, na ripoti ambayo Baraza la Usalama wa Taifa hutakiwa kupeleka Bungeni kila mwaka chini ya Kifungu cha 240.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi, andika swali lako kwenye karatasi. Chini yake andika nani atalijibu na ni nyaraka gani utakazosoma. Ukijikuta umeandika kwamba kuna mkubwa fulani unayemjua atakufungulia mafaili, tafuta swali jingine. Mkubwa huyo atahamishwa.

Kuhusu chuo, hakikisha shirika lililokipa ithibati linatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, kisha uiulize kwa maandishi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa kwetu kama shahada hiyo itatambuliwa. Jibu litunze. Vipindi vya moja kwa moja navyo vina saa zake: semina yangu ya saa moja jioni kule New York huniangukia saa nane usiku, na wakirudisha saa nyuma mwezi wa Novemba inakuwa saa tisa. Zungumza na mwenzako nyumbani mapema, maana usingizi unaokatika si wako peke yako.

Vibali vya maadili ni viwili, na watu wengi hujua kimoja tu. Kamati ya maadili ya chuo chako ikishakupitisha, bado unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa hapa Kenya, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukiipata, ipeleke kwa kamishna wa kaunti, kisha uteremke nayo hadi kwa chifu. Usiruke hata ngazi moja. Mtu anayezunguka akiuliza habari za usalama bila chifu kumjua hutiliwa shaka, na ni haki yao.

Hata hivyo nilikwama tena, safari hii ufuoni Dunga. Mzee mmoja alikuwa ameketi kando ya boti yake akishona wavu, uzi ameushika kwa kidole cha mguu. Alinisikiliza vizuri mpaka nikatoa fomu ya ridhaa, kurasa nne za Kiingereza, na kalamu. Mikono ikasimama.

"Mwanangu, jina langu nikiliandika hapa, hii karatasi italala wapi?"

Nilimweleza. Akasema kuzungumza atazungumza, kusaini hasaini. Sheria za utafiti za Marekani huruhusu ridhaa ya mdomo pale ambapo saini yenyewe ndiyo inayoweza kumhatarisha mhojiwa, ila sikuwa nimeiomba kwa kamati ya maadili. Marekebisho yalinigharimu wiki sita. Wewe iombe tangu mwanzo, na maelezo yako yatafsiriwe kwa Dholuo na Kiswahili.

Niliporudi bila kalamu, mzee alinisogezea ndoo niikalie, akaanza na usiku ule walipochukuliwa injini.