Hisa badala ya nyongeza ya mshahara: nikubali?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni kijana wa Malindi, nafanya kazi nyumbani kwa njia ya intaneti, katika kampuni ya programu za simu yenye ofisi yake Nairobi. Nilipoajiriwa tulikuwa watu 12, na sasa, baada ya miaka miwili, tumepita 90. Niliajiriwa kuwahudumia wateja, lakini leo ninasimamia wenzangu saba kwa mshahara ule ule. Nilipoomba nyongeza, niliambiwa nitapewa haki ya kununua hisa za kampuni. Je, nikubali? – Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Hapa yamechanganywa mambo mawili ambayo ni heri uyatenganishe. La kwanza ni ujira wa kazi unayoifanya sasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, masharti ya msingi ya kazi yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi. Na mshahara wenyewe inataka ulipwe kwa fedha za Kenya. Basi anza kwa kuomba barua mpya inayotaja cheo, majukumu na mshahara wa msimamizi. Kampuni inayokua kwa kasi mara nyingi huisahau barua hiyo bila hila yoyote, lakini anayeumia ni mfanyakazi.

Hisa ni jambo jingine. Unachoahidiwa ni ruhusa ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyowekwa leo, na kwa desturi ya kampuni za aina hii ruhusa hiyo hukomaa kidogo kidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza hapati kitu. Tena, hisa za kampuni isiyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi ni vigumu kuziuza siku unapohitaji fedha. Hata zilizoorodheshwa hushuka: Safaricom iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, kisha bei ikaanguka chini ya hapo, na aliyebanwa na shida akauza wakati huo alipata hasara.

Wengi hutajiwa idadi wakafurahi. Hisa 1,000 ni asilimia moja ya kampuni yenye hisa 100,000, lakini katika hisa 10,000,000 hazifiki hata sehemu moja ya elfu. Uliza idadi yote.

Ukipewa mshahara unaostahili na hisa juu yake, pokea. Ukilazimishwa kuchagua, mimi ningechagua mshahara. Na ukichukua hisa, hakikisha mkataba unaeleza utakuwa na muda gani wa kuzinunua baada ya kuacha kazi.