Maswali ya wasomaji: Mkwawa, Merere, Songea na wengine tunaowasifu

Safari hii wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wameuliza kuhusu viongozi na wapiganaji: nani asifiwe, na asifiwe kwa lipi. Tumechagua maswali saba.

Hapa Iringa kila mtu anamsifu Mkwawa kwa vita vya Lugalo. Aliwezaje kulishinda kwa mikuki jeshi lenye bunduki na mizinga? (Kijana, Kihesa)

Kamwene. Alishinda kwa sababu bunduki hazikupewa nafasi ya kufanya kazi yake. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, kilikuwa njiani kuelekea Kalenga, makao ya Mkwawa, kikiwa na askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani na Wazulu, pamoja na wapagazi wapatao 170. Jeshi la namna hiyo likipita njia ya mguu hutembea mtu nyuma ya mtu, na msururu hurefuka mpaka wa mbele hawaoni yanayowapata wa nyuma. Mizinga na bunduki za rashasha zilisafirishwa kama mizigo. Kuzifungua, kuziunganisha na kuzielekeza kunataka dakika kadhaa, na siku hiyo dakika hizo hazikupatikana.

Wahehe walijificha vichakani na nyuma ya mawe, karibu kabisa na njia. Ufundi wote uko hapo. Katika uwanja wazi, adui akiwa mita 200, mwenye bunduki ana muda wa kulenga, kupiga na kupakia tena. Adui akiibuka hatua chache kando yake, atapiga risasi moja, labda mbili, kisha mkuki umeshamfikia. Shambulio lenyewe lilikwisha kwa muda mfupi sana. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na askari wasiopungua 200. Waliookoka wengi ni wale wa nyuma, waliokusanywa na Luteni Tettenborn. Bunduki zipatazo 300 zilibaki mikononi mwa Wahehe. Kambi na hospitali ya jeshi ya Lugalo pale Dar es Salaam zimebeba jina la mahali hapo.

Sifa za siku ile zigawanywe vizuri. Masimulizi yanamtaja Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa ndiye aliyeongoza jeshi uwanjani. Mkwawa alikuwa na jambo kubwa zaidi ya ushujaa wa mtu mmoja: mtandao wa vanzagila, watawala wake wa maeneo, waliomletea habari za kila mgeni aliyeingia Uhehe na kumkusanyia watu kwa wakati.

Lakini Lugalo iliwagharimu Wahehe watu wengi pia, na miaka mitatu baadaye Mkwawa alipigana kwa namna iliyo kinyume kabisa. Alitegemea ukuta wa Kalenga. Ukuta wa mawe na udongo unamzuia Mngoni mwenye mkuki, ila kwa mzinga ni shabaha isiyohama. Gavana von Schele aliupiga kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 askari wake wakaingia ndani. Mkwawa alitoroka, akarudia vita vya kuvizia na kuhama, na wakoloni walihitaji karibu miaka minne zaidi na zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata. Kwa maoni yetu miaka hiyo minne inastahili heshima kubwa kuliko Lugalo yenyewe, kwa sababu watu walimlisha na kumficha huku maghala yao yakichomwa.

Mbona Mfalme Menelik wa Ethiopia alishinda Adwa nchi yake ikabaki huru, Mkwawa akashinda Lugalo na bado akapoteza nchi? (Mwalimu wa historia, Mafinga)

Mwalimu, anza na hesabu. Adwa, tarehe 1 Machi 1896, Waitalia walikuwa takriban 17,000 pamoja na askari wao wa Eritrea. Menelik alikuwa na watu wanaokadiriwa 100,000, wengi wao wenye bunduki, na mizinga juu yake. Alikuwa amenunua silaha kwa miaka mingi, nyingine kutoka Italia yenyewe. Mkwawa hakuwa na bandari, wala mfanyabiashara wa silaha aliyemtegemea, wala jirani wa kumpitishia mzigo.

Pili ni majirani. Watawala wa mikoa, hata waliowahi kushindana na Menelik, walikuja Adwa na majeshi yao: Ras Makonnen wa Harar, Ras Mangasha wa Tigray, Ras Alula. Malkia Taytu alikuja na kikosi chake, na ndiye anayetajwa kuwa nyuma ya mpango wa kukata maji ya ngome ya Mekelle hadi Waitalia wakaiachia Januari 1896. Mkwawa alikuwa na uhasama na Merere upande wa Usangu na Kiwanga upande wa Kilombero, na wote wawili waliwasaidia Wajerumani.

Tatu, wanafunzi wengi huliruka: adui alikosea. Chakula cha jeshi la Menelik kilikuwa kinakwisha, na kama Jenerali Baratieri wa Italia angesubiri siku chache huenda jeshi lile lingetawanyika. Lakini serikali ya Roma ilimsukuma apigane. Akapeleka vikosi vyake usiku kwenye milima, kwa ramani mbovu, vikapotezana, na asubuhi kila kimoja kikapigwa peke yake. Baada ya hapo serikali ya Waziri Mkuu Crispi ilianguka, na Oktoba 1896 Italia ikatia saini mkataba wa kutambua uhuru wa Ethiopia. Habari za Lugalo zilipofika Berlin hakuna serikali iliyoanguka. Walituma askari wengine.

Ukifundisha mada hii, chora ubaoni safu nne kwa kila kiongozi: silaha, majirani, chakula, makosa ya adui. Ukiacha ya mwisho, darasa litaamini kwamba mshindi hushinda kwa ubora wake tu.

Sisi Wasangu tunaambiwa Merere alikuwa msaliti. Ni haki? (Msomaji, Mbarali)

Si haki. Msaliti huwauza watu wake, na Merere hakuwauza Wasangu. Hakuwa chini ya Mkwawa, na nchi iitwayo Tanganyika haikuwepo. Zaidi ya hapo, kabla Munyigumba, baba yake Mkwawa, hajaunganisha Uhehe, wakubwa wa eneo hili walikuwa Wasangu, na mengi ya mpangilio wa kijeshi Wahehe waliyachukua kwao. Baadaye mizani iligeuka. Wahehe waliwang'oa Wasangu kutoka Utengule ya Usangu, nao Wasangu wakahamia Usafwa na kujenga boma lao Utengule ya Usongwe, karibu na Mbalizi ya leo.

Mjerumani alipofika, Merere aliona njia ya kurudi kwenye tambarare zake, na alirudi. Alichopoteza ni kwamba alirudi akiwa chini ya mkubwa mwingine. Mzee wetu, unapompima, mpime kwa aliyoyajua yeye miaka ya 1890: adui aliyemfukuza nyumbani alimfahamu vizuri, mgeni alikuwa bado hajamfahamu.

Nani wa kukumbukwa zaidi katika Majimaji upande wetu wa kusini? (Msomaji, Njombe)

Songea Mbano, nduna (kiongozi wa vita) wa Wangoni, aliyenyongwa mwaka 1906. Kila Februari, tarehe 27 ikiwa ndiyo kilele, mji wenye jina lake unawakumbuka yeye na wenzake 66 kwenye Makumbusho ya Majimaji. Kwenu Njombe mtajeni pia Mbeyela, ambaye Wabena wake waliishambulia misheni ya Yakobi Septemba 1905.

Wahehe hawakuingia kwa wingi, na wasilaumiwe haraka. Ilikuwa miaka saba tu tangu Mkwawa afe, uongozi wao ulikuwa umevunjwa, na ngome ya Wajerumani ilikuwa Iringa. Watu wengi hawakufa kwa risasi. Jeshi lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua: makadirio ya vifo vya vita nzima huanzia 75,000 na kupanda hadi kufikia 300,000.

Nimesoma kwamba jenerali bora aliyepata kupigana nchini ni Lettow-Vorbeck, Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa hakushindwa. (Mwanafunzi, Makambako)

Alishindwa kuilinda koloni. Waingereza waliingia Iringa Agosti 1916, mwezi mmoja baada ya mapigano ya Malangali, na Novemba 1917 yeye mwenyewe alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Kweli alirudi mwaka 1918, akapita Njombe, na hakusalimisha silaha mpaka tarehe 25 Novemba pale Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, vita Ulaya ikiwa imekwisha. Kama somo la kuhama na kuishi kwa silaha za kuteka, asomwe.

Lakini mwanangu, jeshi lisilo na bohari hula nini? Hula akiba ya wanakijiji, na adui anayelifukuza naye hula iliyobaki. Ndiyo sababu Ugogo ilipata njaa ya Mtunya baada ya majeshi yote mawili kuchukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikagoma. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ni zaidi ya 40,000 kwa takwimu rasmi, na wanahistoria hukadiria mara mbili yake au zaidi, wengi kwa kuhara, malaria na lishe mbovu. Andika hilo kwenye insha yako kabla ya kuandika "bora".

Fuvu la Kalenga ni la Mkwawa kweli? (Msomaji, Ipogolo)

Inawezekana sana, ila uthibitisho wake si wa kimaabara. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, na kichwa chake kikachukuliwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kiliitaka Ujerumani ilirudishe. Gavana Twining alilipata kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa ukoo pamoja na tundu la risasi, akalikabidhi Juni 1954. Vipimo hupunguza idadi ya mafuvu yanayoweza kuwa lenyewe, havimtaji mtu. Kuliona, shika barabara ya Ruaha. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, na Mlambalasi iko mbele zaidi upande huohuo.

Babu yangu alipigana vita vya Kagera. Nataka niandike habari zake angali hai. Nianzie wapi? (Mjukuu, Tukuyu)

Anza na karatasi moja ya tarehe: uvamizi wa Amin, mwishoni mwa Oktoba 1978; hotuba ya Mwalimu Nyerere, Novemba 2; mapigano ya Mutukula, Januari 1979; ya Masaka, Februari; ya Lukaya, Machi 10 na 11; ya Entebbe, Aprili 7; na ya Kampala, Aprili 11. Acha nafasi kati ya kila mstari. Usimwulize babu tarehe, maana atakisia ili asikuangushe. Muulize, "Hilo lilikuwa kabla ya Masaka au baada?" Kisha liandike mahali pake.

Muulize brigedi yake. Zilikuwepo 201, 205, 206, 207 na 208. Asipokumbuka namba huenda anakumbuka mkubwa: Musuguri, au Mayunga aliyeitwa Mti Mkavu. Kama aliingia kupitia mgambo, usishangae akikosa karatasi nyingi.

Rekodi kwa simu, dakika 40 hadi 60 kwa kikao, hali ya ndege ikiwa imewashwa ili isilie katikati. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, nusu mita kutoka mdomoni. Tukuyu mvua ikianza kupiga bati hakuna kinachosikika, kwa hiyo panga asubuhi, au kaeni kwenye chumba chenye dari. Mwache aongee Kinyakyusa. Ukimlazimisha atafute Kiswahili, majina ya vitu na watu humponyoka; tafsiri utaifanya baadaye.

Muulize walikula nini, viatu vilidumu muda gani, alibeba mzigo gani, barua ya nyumbani ilifikaje. Usimwulize aliua wangapi. Akinyamaza ghafla au mikono ikitetemeka, zima simu na mzungumzie mengine. Wengine hawajawahi kuyasema hayo hata kwa wake zao. Baada ya wiki moja rudia tukio lilelile. Masimulizi mawili yakitofautiana, yaandike yote mawili bila kuyasawazisha.

Medali, kitambulisho na picha vipige kwenye mwanga wa mchana, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ya picha mara nyingi kuna jina la mwenzake. Faili lipe jina la babu, kijiji na tarehe ya kikao, kisha weka nakala tatu: kwenye simu, kwenye flashi, na kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.