Ratiba ya London kwa Kundi: Kitu Kimoja Kikubwa kwa Siku, Mengine kwa Miguu

Ratiba nyingi za safari ya kwanza ya London huandikwa na mtu mmoja, usiku, akiwa na simu mkononi na orodha ndefu ya vivutio. Kwenye karatasi kila kitu kinaenea. Saa tatu asubuhi Tower of London, saa tano walinzi wa Buckingham Palace wanabadilishana zamu, saa saba British Museum, saa kumi London Eye. Mtu mmoja mwenye miguu mizuri anaweza kukimbizana na ratiba hiyo. Kundi haliwezi. Kundi lenye mama mkubwa, wajomba, vijana wa sekondari na mtoto wa miaka sita halitafika hata mahali pa pili kwa wakati, na ikifika mchana watu wataanza kununiana.

Nimeshika kazi ya kupanga safari za ndugu na marafiki kwa muda sasa, na kanuni ninayoitetea mbele ya yeyote ni hii: kila siku iwe na kitu kimoja kikubwa chenye tiketi na saa maalumu. Vingine vyote vya siku hiyo viwe vya kufikika kwa miguu kutoka hapo, na viwe vya kuachika bila mtu kuumia.

Kabla ya kufungua ramani, waulizeni wasafiri. Msiulize "mnataka kuona nini?" maana mtapewa orodha ya mji mzima. Kila mtu ataje kitu kimoja tu ambacho akirudi nyumbani hajakiona, roho itamuuma. Majibu hushangaza. Uliyedhani anataka jumba la mfalme anataka kuona uwanja wa Arsenal. Shangazi uliyedhani atapenda maduka anataka kukaa ndani ya kanisa la kale la Westminster Abbey. Hivyo ndivyo nguzo za ratiba zinavyopatikana, na kwa kawaida huwa chache kuliko mnavyodhani, kwa sababu watu hugongana kwenye vitu vilevile.

Halafu ndipo ramani, na hapa nasisitiza: ramani ya barabara. Ile ya treni za chini ya ardhi, ambayo asili yake ni mchoro wa Harry Beck uliochapishwa mwaka 1933, ni nzuri sana kwa kujua ubadilishe treni wapi, lakini haina umbali. Ukiitazama utadhani Leicester Square na Covent Garden ni safari. Kwa miguu ni dakika tano hivi. Kushusha kundi zima chini, kusubiri treni, kisha kupanda tena juu kunachukua muda mara kadhaa ya huo, na kituo cha Covent Garden kina ngazi 193 kwa atakayeikosa lifti. Weka alama za vile vitu mlivyotaja kwenye ramani ya kweli na mtaona vinajikusanya vyenyewe katika mafungu. Kila fungu ni siku.

Fungu la Westminster ndilo ningemwekea kila mgeni siku ya kwanza kamili. Kitu kikubwa ni Abbey, yenye tiketi ya saa maalumu. Ukitoka hapo, Bunge na mnara wa saa viko mbele yako. Unapanda barabara ya Whitehall hadi Trafalgar Square, mwendo wa kama kilomita moja, na hapo kuna jumba la michoro la National Gallery, lisilo na kiingilio, lenye viti na vyoo. Mchana wenye jua unaweza kukatiza St James's Park mkakae kwenye majani. Hiyo ni siku iliyojaa, ingawa kwenye karatasi inaonekana nyepesi. Iacheni hivyo hivyo.

Kuhusu zamu ya walinzi wa Buckingham Palace nina msimamo: kwa kundi lenye watoto au wazee, siipendekezi. Kwa kawaida hufanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili kuanzia saa tano asubuhi, mvua ikiruhusu, na ili uone chochote lazima ufike mapema sana na usimame palepale. Watu kumi hawapati nafasi pamoja kwenye uzio. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanapiga picha za visogo. Afadhali Horse Guards, palepale Whitehall, ambako askari wa farasi hubadilishana kila siku saa tano asubuhi, na Jumapili saa nne. Unasimama karibu na farasi kabisa, na mko njiani tayari.

Jumapili inahitaji uangalifu wake, kwa sababu Westminster Abbey na kanisa kuu la St Paul's huwa ni kwa ibada tu, si kwa watalii. Ndiyo maana fungu la mashariki huenda Jumapili. Tower of London siku hiyo hufunguliwa saa nne badala ya saa tatu, jambo ambalo kwa kundi ni nafuu. Fikeni mlango unapofunguliwa, nendeni moja kwa moja kwenye vito vya kifalme kabla foleni haijakua, kisha ndipo muanze kutembea taratibu. Walinzi waitwao Yeoman Warders huongoza wageni na kusimulia, na hilo limo ndani ya tiketi. Ngome ile ilianzishwa na William Mshindi karne ya 11, na mtoto asiyejali historia bado atakumbuka kunguru wake. Tenga saa tatu, usitenge moja na nusu.

Nje ya ngome kuna Tower Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1894. Saa za kuinuliwa kwake hutangazwa mapema kwenye tovuti yake, kwa hiyo zitazame. Kuliona likifunguka hakugharimu kitu. Kisha kundi linaamua. Wenye nguvu wanaweza kufuata mto kwa miguu kuelekea magharibi, kupita soko la Borough Market hadi jumba la sanaa la Tate Modern, halafu kuvuka daraja la waenda kwa miguu hadi St Paul's. Waliochoka wapande boti kwenda Greenwich. Mimi huchagua boti, bila kusita. Kila mtu anakaa, mji unapita pembeni, hakuna anayepotea. Greenwich ina bustani kubwa yenye kilima, na juu yake Royal Observatory na ule mstari wa longitudo sifuri ambao dunia nzima huhesabia. Mlima huo ni mfupi lakini mkali. Asiyetaka kupanda ana ile meli ya kale Cutty Sark karibu na gati.

Anayetaka mandhari ya mji kutoka juu, kuna Sky Garden, bustani iliyo juu ya jengo refu dakika chache kutoka Tower, ambayo haina malipo ila nafasi hukatwa mapema mtandaoni. Kwa kundi kubwa nafasi hizo huisha upesi.

Fungu la tatu ni South Kensington, ambako makumbusho matatu makubwa yamekaa jirani: Natural History Museum, Science Museum na V&A (Victoria and Albert Museum, ya sanaa). Yote ni bure, na hapo pana mtego: kwa kuwa ni bure, mtu anayaandika yote matatu. Chagueni moja. Kundi lenye watoto liende kwa dainosaria wa Natural History Museum, liondoke mapema, lisiguse mengine. Kwa wapenzi wa mpira hapa ndipo ramani ya treni inaposaidia, maana treni ya Piccadilly inatoka South Kensington hadi kituo cha Arsenal bila kubadilisha, na ukienda Chelsea, kituo cha Fulham Broadway kiko karibu kwa treni ya District. Asubuhi ya makumbusho, alasiri ya uwanja. Watu wa pande zote mbili wanalala wameridhika. Hakikisheni tu si siku ya mechi, maana matembezi ya uwanjani hubadilika.

British Museum iwekeni Ijumaa jioni. Siku nyingine hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini Ijumaa huendelea hadi saa mbili na nusu usiku, umati ukiwa umepungua. National Gallery nayo Ijumaa huenda hadi saa tatu usiku na V&A hadi saa nne. Hii ni hazina kwa wasafiri wa Desemba, wakati jua linazama kabla ya saa kumi jioni: mambo ya nje asubuhi, ya ndani giza likiingia. Ndani ya British Museum msizunguke ovyo. Anzeni na Jiwe la Rosetta, chumba namba 4, kisha shukeni ghorofa ya chini kwenye Afrika. Huko kuna sanamu za shaba za ufalme wa Benin (Nigeria ya leo), zilizochukuliwa na askari wa Uingereza mwaka 1897. Kundi nililokuwa nalo lilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari, watu wazima wakisoma maelezo kwa sauti ya chini, vijana wakiuliza maswali mazito, na hakuna aliyetaka kuharakishwa. Ratiba iliyobana isingewaachia nafasi hiyo, na mimi naamini dakika zile ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kuliko zote. Kundi la watu kumi au zaidi huombwa kuweka nafasi kabla ya kuja, hata kama kuingia ni bure.

Sasa kuhusu muda, kwa sababu hapa ndipo ratiba hufia. Programu ya ramani ikikwambia dakika 20, hiyo ni hesabu ya mtu mmoja ambaye tayari yuko barabarani. Kundi lina choo, lina aliyesahau koti, lina lango la kituo ambalo kadi ya mtu imekataa. Mimi huzidisha mara mbili kwa kundi la watu kumi, na mara chache hubaki na ziada. Msipande treni za asubuhi siku za kazi kabla ya saa tatu na nusu. Mabehewa hujaa na nauli huwa juu. Saa za mlo nazo ziandikwe kwenye ratiba kama kivutio, zenye mahali na, kwa kundi kubwa, meza iliyowekwa mapema. Watu wenye njaa hawatazami majengo.

Nauli: kila msafiri awe na kadi yake ya benki ya kugusa, au kadi ya usafiri iitwayo Oyster. Kadi moja haipitishi watu wawili kwenye treni. Treni unagusa kuingia na kutoka, basi unagusa kuingia tu, na basi halipokei pesa taslimu. Ukifikia kiwango fulani cha matumizi kwa siku, mfumo unaacha kukukata zaidi, mradi umetumia kadi ileile siku nzima. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyo ndani ya simu huhesabiwa kuwa mbili. Muulizeni benki wenu kuhusu makato ya kutumia kadi nje ya nchi. Watoto chini ya miaka 11 husafiri bure wakiwa na mtu mzima. Kama kuna mwenye magoti mabaya au kiti cha magurudumu, fahamuni kwamba takriban thuluthi moja tu ya vituo vya chini ya ardhi ndivyo unavyoweza kufika bila ngazi. Mabasi yote yana njia ya kupandishia kiti, na kutoka dirisha la juu mji unaonekana.

Kanuni ya kupotezana isemwe siku ya kwanza, mbele ya kila mtu, watoto warudie. Treni ikifunga mlango mtu akabaki, aliyebaki anapanda inayofuata, na waliotangulia wanashuka kituo kinachofuata na kusubiri palepale jukwaani. Chini ya ardhi mtandao wa simu hauko kila mahali, kwa hiyo msitegemee kupigiana. Mahali pa kukutania pawe pa ndani, penye viti. "Tukutane Big Ben" ni kumwambia mtu atafute sindano kwenye umati.

Jambo dogo lenye uzito: tiketi zinaandika 11:00, na kwetu hiyo ni saa tano. Kwenye kundi la WhatsApp andikeni saa zote mbili, kila mara. Mtu akikosa saa ya Abbey hakuna uhakika kwamba ataingizwa baadaye.

Tena, wapeni watu alasiri moja ya kuachana. Vijana waende wanakotaka wakiwa wawili wawili au zaidi, wazee wapumzike hotelini, wapenda maduka wazame Oxford Street. Kundi linalolazimishwa kuwa pamoja kutwa nzima huchoka kwa kutazamana.

Siku ya kufika isipangiwe chochote chenye tiketi. Kuna foleni ya pasipoti, kuna mizigo, na hoteli nyingi haziwapi vyumba hadi saa nane au tisa mchana. Acheni mizigo mapokezi, mtembee mtaa wa jirani, mle, mlale mapema. Siku ya kuondoka nayo iachwe wazi asubuhi kwa kile kilichoahirishwa kwa mvua au uchovu, kikiwa upande uleule wa mji na hoteli, na mizigo ikisubiri mapokezi tayari imefungwa. Kwenda Heathrow kuna treni ya Piccadilly na ile ya Elizabeth line iliyofunguliwa mwaka 2022. Ya pili ni ya haraka zaidi na ina nafasi ya masanduku, na kwa kundi lenye mizigo ndiyo ningepanda, nikitoka hotelini muda wa saa nne nzima kabla ya ndege kuruka.