Kifaransa cha mwaka wa kwanza: usipitie Kiingereza

Sentensi yangu ya kwanza ya Kifaransa mbele za watu ilikuwa "Je suis vingt ans." Nilitaka kusema nina miaka ishirini. Mhadhiri hakucheka. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili, "Kwenu mtu akiulizwa umri anajibu 'mimi ni miaka ishirini'?" Darasa ndilo lililocheka. Nikakaa, masikio yanawaka moto.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni. Mfaransa anasema "J'ai vingt ans", nina miaka ishirini, vilevile kama sisi. Nilikosea kwa sababu nilitoka kwenye Kiswahili, nikazunguka kwenye Kiingereza nilichosomea sekondari, ndipo nikaingia kwenye Kifaransa. Ni kama mtu wa Mwenge, Dar es Salaam, anayekwenda Ubungo kwa kupitia Posta katikati ya jiji.

Nilichelewa kulielewa hilo. Testi ya kwanza nilipata 11 kati ya 30 na nikaanza kuulizia utaratibu wa kubadilisha kozi. Kama unaanza Kifaransa chuoni muhula huu, soma kabla hujafika huko.

Kwanza, matarajio. Mwongozo wa kozi utasema ni ya wasiojua kitu kabisa. Siku ya kwanza utakuta watu watatu wanapiga soga na mhadhiri kama wametoka naye nyumba moja. Hao wamesoma Kifaransa sekondari, au wana ndugu Burundi, au wamekuja kuokota A. Achana nao. Mimi niliwatazama wiki tatu nzima bila kunyoosha mkono, na wiki hizo tatu ndizo zilizobeba msingi wote: être (kuwa), avoir (kuwa na), kuhesabu, kujitambulisha. Baada ya hapo kila somo linapanda juu ya lililotangulia. Kwenye kozi nyingine ukikosa mihadhara miwili unatafuta desa la mwenzako, maisha yanaendelea. Hapa ukikosa miwili unarudi darasani watu wamevuka mto na daraja limeondolewa.

Na hutaongea kama redio. Mwaka mzima wa kusoma vizuri unakufikisha kwenye A1, ngazi ya chini kabisa kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, labda na mguu mmoja kwenye A2 inayofuata. Yaani unajitambulisha, unauliza bei, unasoma tangazo la chumba cha kupanga, unaandika ujumbe mfupi wa kumwalika rafiki. Filamu itakupita. Ukitaka kujua vizuri unachotakiwa kuweza, tazama mtihani wa DELF A1, ule wa cheti cha Kifaransa cha serikali ya Ufaransa, ulivyopangwa, hata kama huna mpango wa kuufanya: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila sehemu alama 25. Unafaulu kwa 50, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umeanguka, hata kama nyingine umezipiga vizuri. Wale tuliozoea kujificha nyuma ya sarufi kwa sababu sarufi inakaririka, hapo ndipo tunapokamatwa.

Sasa nirudi kwenye njia ya Mwenge na Ubungo, maana ndiyo iliyoniokoa.

Baada ya ile testi nilichukua daftari jipya nikaanza kuandika Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, Kiingereza marufuku. J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai peur, nina hofu. Kisha yakaja mambo yaliyonifanya niache kalamu chini. "Je t'aime": je ni "ni", t' ni "ku", aime ni "penda". Ni-ku-penda! Yule anayependwa anakaa kabla ya kitenzi, palepale tunapomweka sisi. Wenzangu waliokuwa wanafikiri kwa Kiingereza walihangaika wiki mbili na "je le vois". Mimi nilikuwa naona "na-mw-ona". "Je me lave", na-ji-osha. Ukanushi nao: "nous ne parlons pas" unabana kitenzi huku na huku, na sisi tukisema "hatusemi" tunafanya yaleyale, "ha" mbele na "i" nyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni "son" na "sa", yaani "-ake" yetu. Vitabu vingi vinatumia kurasa kueleza kwamba neno hilo halifuati mwenye kitu, linafuata kitu chenyewe. Kwetu hilo si habari. Kitabu chake, nyumba yake: "chake" inafuata kitabu, awe mwenyewe ni Juma au Asha. Son livre, sa maison. Nililisoma mara moja nikafunga ukurasa.

Haiendi hivyo kila mahali, nisikudanganye. Nina haraka ni "je suis pressée", kwa être. Nina furaha, "je suis contente". Umilikaji unatangulia, ma maison, wakati sisi tunasema nyumba yangu. Kuna na shimo moja ambalo Mswahili analitumbukia kuliko wengine: il (yeye wa kiume) na elle (yeye wa kike). Sisi tuna "yeye" tu, basi ukiwa unasimulia haraka mama yako anageuka il na kaka yako anageuka elle. Mimi bado linanitoka nikichoka.

Jinsia ya maneno ndiyo inayowatoa watu machozi. Kwa nini meza ni ya kike? Hakuna kwa nini. Lakini mtu aliyekua na ngeli hana haki ya kulalamika kuhusu makundi mawili. Mgeni akisema "kitabu yangu nzuri" unamsikia papo hapo, na wala hukufundishwa ubaoni. Uliyasikia maneno yakitembea pamoja, kitabu changu kizuri, hadi yakagandana. Basi jifunze vivyo hivyo. Usiandike "table" peke yake kwenye daftari. Andika "une table". Tena andika kwa un (ya kiume) na une (ya kike), siyo le na la, kwa sababu ukiandika "l'école" ile alama imemeza jinsia na mwezi ujao hutakumbuka. "Une école" haifichi kitu. Nilitumia kalamu ya bluu kwa un na nyekundu kwa une. Utoto kidogo, lakini kwenye mtihani nilikuwa nakumbuka rangi kabla ya neno.

Matamshi. Kiswahili kinatudekeza, tunasoma kilichoandikwa. Kifaransa kina herufi nyingi za kuangalia tu. Beaucoup ni "boku". Il parle na ils parlent havitofautiani sikioni, ile -ent imekufa. Les amis inakuwa "lezami". Dawa niliyoiona ni moja: usijifunze neno kwa macho kabla hujalisikia. Ile "u" ya tu, sema "i" huku midomo umeiviringa kama unasema "u". Na ile r yao inayowatisha watu iko jirani kabisa na gh ya ghali na ghorofa, mradi unaitamka gh kama watu wa Pwani, siyo wewe unayesema "gorofa". Nilikuwa natembea kwenye korido za hosteli nikisema "ghali, ghafla, rue, rouge" na watu wakidhani nina kifua.

Kuhusu namba nitakusimulia. Nilikuwa nasukwa na mama mmoja wa Bukavu. Siku hiyo alikuwa ameshika simu kwa bega, mikono kichwani kwangu, anamtajia mteja bei: "Nonante mille, chérie, nonante." Nonante? Darasani tulikuwa tumetoka kukariri quatre-vingt-dix, nne ishirini na kumi, hesabu kamili ndani ya jina. Alipokata simu nikamuuliza. "Mwanangu," akasema, "sisi tunasema septante, nonante. Wale wa Paris wajisumbue na hesabu zao." Ni kweli. Kongo ya Kinshasa, Rwanda na Burundi zilirithi namba za Wabelgiji, kwa hiyo sabini ni septante na tisini ni nonante. Nikaenda na nonante yangu kwenye zoezi, mhadhiri akaandika pembeni kwamba si kosa, ila mtihani wetu unafuata Ufaransa. Basi jua zote mbili, na uzoee kusikia namba za simu zikitajwa mbili mbili, kwa sababu kwenye sehemu ya kusikiliza namba ndizo zinazokimbia kuliko kitu chochote.

Mama yule alinifundisha na adabu. Nilimwambia "tu", yaani wewe ya kirafiki, siku ya kwanza. Akanitazama kwenye kioo, akauliza, "Shikamoo yako umeiacha wapi?" Vous, basi, wewe ya heshima. Kwa mhadhiri, kwa mtu mzima, kwa muuza duka. Tu ni ya wenzako.

Ratiba yangu haikuwa na maajabu. Dakika 20 kila siku, Jumapili ikiwemo. Nilishawahi kukesha usiku mzima kabla ya testi, na ndiyo ile ya 11. Kukesha kunasaidia historia, hakusaidii ulimi. Ndani ya daladala nilikuwa na sikio moja kwenye simu, la pili nimeliachia konda. TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, wana mazoezi mtandaoni ya bure kuanzia A1, anza nayo. Habari za Kifaransa chepesi za RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, watu watakushauri wiki ya kwanza, lakini ngoja kwanza. "Chepesi" ile si ya wiki ya kwanza. Vitenzi être, avoir, aller (kwenda) na faire (kufanya) nilivibandika ukutani juu ya jagi la umeme, nikawa nasubiri maji ya chai huku navisema kwa sauti. Kwa sauti, narudia. Mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa uhasibu, aliishia kujua nous sommes, vous êtes bila kujiandikisha.

Halafu hizi programu za kutafsiri. Kazi ya nyumbani ya kwanza ilikuwa aya fupi kuhusu familia. Nikaandika kwa Kiingereza, nikabonyeza, nikapeleka. Mhadhiri alinirudishia amezungushia duara maneno mawili: "qu'ils soient". "Soient ni nini?" akaniuliza mbele ya meza yake. Sikujua hata linatamkwaje. Ni umbo la kitenzi ambalo tungelifikia baadaye sana, na mimi hata "ils sont" nilikuwa sijaiweza. Hakunishtaki popote, alinipa karatasi tupu na dakika kumi. Niliandika sentensi tano, zote kama za mtoto wa chekechea. Nikapata alama zaidi ya wiki iliyotangulia. Programu itumie kuangalia neno, au kusikia linavyotamkwa. Aya iandike mwenyewe, na usisahau alama za juu: kwenye simu bonyeza e uishikilie, zitatokea. "Ou" ni au, "où" ni wapi.

La mwisho ni mtihani wa mazungumzo, ambao kila mtu anauogopa bure. Niliingia mikono inatoka jasho. Mhadhiri akauliza kitu, nikashika neno moja tu, week-end. Muhula wa kwanza ningenyamaza hadi aone huruma. Safari hii nilikuwa na sentensi niliyoifanyia mazoezi kuliko zote: "Pardon, vous pouvez répéter, s'il vous plaît ?" Akarudia taratibu. Bado sikuelewa. Nikaomba tena. Aliporudia mara ya tatu nikagundua ananiuliza nafanya nini wikiendi, nikamwambia nafua, napika, na nalala. Je dors beaucoup. Akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaniambia nimwite anayefuata.