Upinde kwa mnyama mkubwa: mita 20, si 60

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu amealikwa na binamu yake Afrika Kusini, kule ambako sheria inaruhusu kuwinda kwa upinde. Amepiga shabaha miezi mitano na kwa mita 60 mishale yake yote inaingia kwenye duara moja. Anauliza mbinu ipi inafaa kwa tandala na pofu (wote ni swala wakubwa), na kama hizo mita 60 zinatosha. Naanza na la mwisho: mita 60 ziache hapo hapo kwenye gunia lako la matambara la kupigia shabaha.

Mimi nimekulia Jilore, kando ya Sabaki, huku Malindi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo asinifuate mtu faragha kuniuliza habari za msitu wa Arabuko. Haya nimeyapata kwa mzee wa Kisanye (wenyewe hujiita Waata) aliyekuwa jirani yetu, na kwa misimu mitatu niliyofanya kazi ya kufuata nyayo kwenye shamba la wanyamapori Limpopo, huko huko Afrika Kusini.

Mzee yule uta wake ulilala darini jikoni, mweusi kwa moshi. Siku moja akaniachia niuvute. Nilikuwa na miaka 19, gunia la mahindi nalibeba peke yangu, lakini ugwe, ile kamba yake, haukunifika hata kidevuni. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nyuta za Waata zilizowahi kupimwa, nguvu ya kuzivuta ilipita ratili 100 (kama kilo 45). Hizi za kisasa zenye magurudumu ni 60 au 70, tena ukishavuta hadi mwisho, uzito mwingi unaondoka mkononi. Kwa nyuta zile waliangusha ndovu, mpaka miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilipowaandama kule Tsavo na kuwafunga. Na pamoja na nguvu yote ile, mzee alikuwa akisema ndovu humpigi mpaka usikie tumbo lake linavyonguruma. Sasa wewe wa ratili 65 unataka kupiga pofu kwa mita 60?

Halafu wao walikuwa na utsungu, sumu ya mti wa msunguti, inayosimamisha moyo. Chembe, yaani kichwa cha mshale, ikishaonja damu, kazi imeanza, popote ilipoingia. Wewe huna sumu. Mshale wako unaua kwa kukata tu, na pa kukata ni mapafu yote mawili au moyo. Basi nunua chembe ya makali mawili, ngumu, inayonyoa nywele za mkono, na wano (uti wa mshale) zito. Mshale mwepesi unapendeza kwenye shabaha, lakini kwa pofu mimi nataka gramu 40 au zaidi, upite mbavu hizi utokee mbavu zile. Moyo wa hawa wanyama wetu uko chini na mbele kuliko watu wanavyodhani. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi moja ya kimo cha mwili. Mngoje akae ubavu, au awe amekupa mgongo kidogo. Akikutazama uso kwa uso, usivute.

Suala la umbali ni hesabu tu. Mshale wa upinde wa kisasa unakwenda kama mita 80 kwa sekunde, sauti ya ugwe inakwenda 340. Kwa mita 60 mshale unataka robo tatu ya sekunde, na sauti imeshamfikia zamani. Mnyama amebakiwa na zaidi ya nusu sekunde. Swala pala katika nusu sekunde ameshachuchumaa, anajikunja aruke, na mshale unampita juu ya mgongo. Nimeona hivyo mara nyingi, na mara mbili mpiga upinde alikuwa mimi. Kwa mita 20 hana nafasi hiyo.

Mbinu ninayoipenda ni kuvizia kwenye maji, miezi ya kiangazi chao, Juni hadi Agosti, vidimbwi vya porini vimekauka. (Baridi ya alfajiri kule si mchezo. Mtu wa Malindi utadhani meno yatang'oka.) Kunyemelea kwa miguu ni kutamu kusimulia, lakini kwa upinde mara tisa kati ya kumi unaishia kuona mikia. Unakaa kwenye kibanda cha nyasi, ndani giza, nguo nyeusi, dirisha dogo. Upepo ndio bwana. Sisi huku tumezoea kusi na kaskazi, upepo una adabu, unajua utatoka wapi. Kule bara unazunguka. Ukiusikia kisogoni, kaa utulie, siku hiyo umekuja kutazama.

Ngiri hutangulia, wanajipaka tope. Tandala dume huja mwisho. Atasimama vichakani nusu saa nzima, unaona pembe tu. Usiinue upinde anapoinama mara ya kwanza; ile ni hila, anainua kichwa ghafla kutazama nani amejitikisa. Mimi humwacha anywe ashibe. Akigeuka kuondoka ndipo navuta, na kuna sababu nyingine ya kungoja: kwetu Waislamu nyama yake ina masharti. Unapiga Bismillahi unapoachia, mshale uwe umechoma kwa ncha, ukimfikia bado hai unamchinja, na akiangukia majini akafa humo, humli. Tandala mzima kumwachia fisi kwa sababu ya pupa ni uchungu.

Baada ya kuachia, tazama saa na usinyanyuke kwa nusu saa. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Ikiwa na majimaji ya kijani na harufu ya samadi, umepiga tumbo, ngoja saa nyingi. Msimu wangu wa pili nilimpiga nyumbu kwa mita 38, mshale ukagonga mfupa wa bega. Tulifuata matone mpaka jua likazama, na asubuhi tai ndio waliotuonyesha. Kule mnyama uliyemjeruhi unamlipia, umempata hujampata. Nilikatwa mshahara, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipokuwa navuta nilijua ni mbali mno.

Siku zako zilizobaki fanya mazoezi umekaa, chumbani, taa umezima, uvute polepole bila kiwiko kugonga ukuta. Na viti vya plastiki vya kwenye vibanda vyao hulia. Mimi nilikuwa nakwenda na mkeka wangu, naukunja mara nne, naukalia.