Kijiji cha mazombi kwenye Minecraft: msianze na nyumba

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Yeye na wenzake wanne walikuta kijiji kilichohamwa kwenye seva yao, wakahangaika siku tatu na paa na kuta, na sasa wana mji unaong'aa usio na mkazi hata mmoja. Mkuu wa seva aliweka hali ya amani ili wajenge bila bughudha. Hapo ndipo mlipoua mji, jamani! Kwenye amani mazombi wote hufutika, na wale wanakijiji walioambukizwa ni mazombi pia. Ndio wakazi wenu hao, na hawarudi.

Basi mkikuta kijiji kama hicho, kabla ya kugusa tofali wakamateni wanakijiji mazombi wawili, ili muwatibu wawe wanakijiji tena. Wawili wanatosha, maana wengine watazaliwa. Zombi akigusa mtumbwi huketi ndani na kukwama humo, na mtumbwi ni mbao 5 tu. Lakini mtumbwi haukingi jua, kwa hiyo mwezekeeni bloku juu ya kichwa kabla hakujapambazuka, na mzungushieni ukuta, kwa kuwa hata akiwa amekaa bado anapiga. Kama mna golemu wa chuma, yule mlinzi wa kijiji anayeua mazombi, mtengeni mbali. Haulizi nani yuko kwenye matibabu.

Tiba inataka vitu viwili: dawa ya udhaifu ya kurusha na tofaa la dhahabu. Tofaa ni mikuo 8 ya dhahabu kulizunguka tofaa la kawaida. Lile la kulogwa halihitajiki. Dawa ndiyo inayochelewesha watu, kwa kuwa stendi ya kuipikia inataka fimbo ya blaze (kiumbe wa moto), yaani lazima mtu ashuke Nether, ule ulimwengu wa moto anakoishi. Mengine ni rahisi. Changanya jicho la buibui, sukari na uyoga wa kahawia upate jicho lililochachuka, lipike kwenye chupa za maji (3 kwa mkupuo), kisha ongeza baruti ili chupa iwe ya kurushwa. Wengi hupoteza muda kutafuta chunjua za Nether (mmea uitwao Nether wart) kama kwenye dawa nyingine. Hii haizitaki.

Kwenye toleo la Java (la kompyuta) udhaifu hudumu dakika 1 na nusu. Rusha, kisha mpe tofaa ndani ya muda huo. Akianza kutetemeka, imeshika. Subirini dakika 3 hadi 5, na mtu mmoja abaki karibu, kwa sababu mkiondoka wote eneo hilo husimama na tiba nayo husimama. Vitanda na nondo za chuma vikiwa karibu naye huharakisha kidogo.

Sasa jambo linalovunja urafiki. Bei nafuu anazotoa mwanakijiji aliyepona ni za yule aliyemlisha tofaa, si za kundi zima. Kubalianeni mapema nani analisha: aliye kwenye seva kila siku ndiye afaaye, si mwenye dhahabu nyingi. Na ule mchezo wa kumwambukiza na kumtibu mwanakijiji yuleyule tena na tena ili bei ishuke uliisha na toleo la 1.20.2, mwaka 2023.

Aliyepona wekeeni pipa la mboji awe mkulima, kwani mkulima huvuna na kugawia wenzake chakula. Kila mzazi apate mikate 3 au karoti 12, na kuwe na vitanda 3 vyenye nafasi ya bloku 2 juu. Hiyo nafasi ndiyo inayosahaulika, hasa na mafundi wanaopenda dari za chini. Mtoto hukua kwa dakika 20.

Mienge: tangu 1.18 mazombi huzuka penye mwanga 0 tu, hivyo mwenge kila bloku 12 unatosha, mradi msisahau ndani ya nyumba tupu na chini ya ngazi. Milango ya kijiji hiki haipo, iwekeni yote, ila kwenye ugumu wa juu kabisa zombi huweza kuivunja, na kila mwanakijiji anayeuawa na zombi hugeuka. Kwenye ugumu wa kawaida ni nusu yao.

Wakishafika wakazi watano au sita, pandeni paa mnavyotaka.