Umepata postdoki ya jenetiki ya kisukari? Nenda kakae kliniki kwanza

Juzi kuna dada wa Arusha kaniandikia, kamaliza PhD, kapata postdoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, ya jenomu upande wa kisukari, anauliza ajifunze programu ipi kabla hajaanza. Najibu hapa hapa maana wengi mnaniuliza hilo hilo. Dada yangu, R na PLINK, hizi programu za kuchambua data ya vinasaba, utazizoea tu, miezi mitatu ni mingi. Mimi nakuomba kitu kingine, kila wiki toa siku moja ukakae kliniki ya kisukari, kwenye benchi, na wagonjwa.

Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza hapa Moshi sikufanya hivyo. Nilikuwa nashinda kwenye kompyuta nasafisha data ya vinasaba, nalinganisha na HbA1c, ile wanayoiita sukari ya miezi mitatu. Skripti niliyorithi ilikuwa inaiondoa kromosomu X yote, si unajua mwanaume anayo moja mwanamke mbili, hesabu zake zinasumbua, basi watu wengi wanaiacha na mimi nikaiacha. Siku moja nimepeleka fomu za ridhaa kliniki nikamkuta mzee mmoja, usiku anaamka kukojoa mara tano, kiu haimwishi, kakonda mpaka suruali kaifunga kamba, na HbA1c yake iko chini ya asilimia 6.5, yaani kwa karatasi ile mzee hana kisukari. Nesi wala hakushangaa. Kamtoboa kidole, hajala tangu jana yake, sukari ipo juu kweli kweli. Akaniambia, mwanangu, hawa tunawaona, usishike kipimo kimoja.

Sikulala vizuri siku ile. HbA1c inapima sukari iliyonata kwenye himoglobini, na chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, sasa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, chembe zake zinaweza kufa mapema, sukari haipati muda wa kunata, kipimo kinasoma chini wakati mtu anaumwa. Upungufu huo umeenea kwenye nchi za malaria kama yetu kwa sababu unampa mtu kinga kiasi. Na jeni ya G6PD iko kromosomu X! Tena 2017 ilishachapishwa kwamba badiliko moja la jeni hiyo, ambalo karibu asilimia 11 ya Wamarekani weusi wanalo, linashusha HbA1c. Yule mzee simsemei, hakupimwa G6PD, ila mimi ndo nilikuwa nimelifuta swali lenyewe kabla sijaliuliza. Nikarudi nikafanya kazi yote upya na X ikiwemo, wiki sita zilienda hapo na sizijutii hata moja.

Ndo maana nakuhimiza dada. TCF7L2, jeni inayohusishwa na kisukari, uhusiano wake uligunduliwa 2006 kwa kazi iliyoanzia Iceland, na kwetu Afrika inaonekana pia, sawa, lakini ZRANB3, jeni nyingine ya namna hiyo, ilikuja kuonekana 2019 baada ya watu kupima wagonjwa wa Nigeria, Ghana na Kenya. Alama za hatari, zile zinazojumlisha mabadiliko mengi ya jeni kukisia nani atapata kisukari, zilizotengenezwa kwa data ya Wazungu zikija huku zinapungua nguvu sana, kwa hiyo usizibebe kama zilivyo ukamwambia mama wa Kiboroloni hapa Moshi kwamba yuko salama.

Mengine kwa haraka. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, anza kukifuatilia mapema sana, na kama data inatoka nje ya nchi soma mkataba wake mwenyewe usiachie bosi. Mambo ya jina la nani linatangulia kwenye makala yaulize wiki ya kwanza, kwa heshima lakini uulize. Kazi ndefu ziweke kwenye seva na zigawe kwa kromosomu, umeme ukikatika usianze moja.

Na kliniki nenda asubuhi mapema, wagonjwa wanafika hawajala kwa ajili ya kipimo. Chukua daftari, laptop iache. Ukifika msalimie nesi kwanza, shikamoo yake umpe, halafu muulize ni wagonjwa gani vipimo vyao vinamchanganya.